Saumu Zilizoozea Nyuma ya Zizi

Mwaka nilipopunguzwa kazi kiwandani Moshi mjini, nilirudi kwa wazazi wangu Kirua Vunjo. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na baba alikuwa ameng'oa mibuni yake nyuma ya zizi. Kipande hicho cha kihamba, shamba letu la ukoo, chenye migomba pande zote, akanipa nijaribu vitunguu saumu.

Viliota vizuri. Kisha majani yakaanza kugeuka manjano.

"Vina kiu," baba akasema, akavifungulia maji ya mfereji.

"Vina njaa," mama akasema. "Vipe samadi."

Niliwasikiliza wote wawili. Nilizoa mavi mabichi ya ng'ombe, yakiwa bado na joto, nikayamwaga kwenye matuta yaliyokwisha kulowa. Baada ya wiki chache harufu ilikuwa inanipokea kabla sijafika. Haikuwa ya saumu; ilikuwa ya panya aliyefia darini. Nikavuta kitunguu kimoja. Majani yakabaki mkononi, kichwa kikabaki ardhini. Nilipokichimbua kwa vidole kikapasuka kama jipu. Ute wa kahawia ukaniingia kwenye kucha, na ndani yake funza weupe wakijinyonganyonga. Vingine vilivaa ukungu kama pamba. Nilitapika pale pale juu ya tuta.

Mama akaja, akachungulia, akaziba pua kwa kanga. "Vimenye, mwanangu. Labda ndani kuna punje nzima."

"Mama, hivi hata nguruwe hapewi!"

Jumapili kanisani, tulipopeana amani, dada mmoja aliyekaa pembeni yangu alinishika mkono, kisha akaufuta wake kwenye gauni. Na nilikuwa nimenawa kwa sabuni, limao na majivu!

Vilivyopona vilikuwa vichache tu ukingoni, penye jua na changarawe, ambako maji hayakutuama wala samadi haikufika. Hapo ndipo nilipoelewa. Uozo wote niliufukia mbali. Msimu uliofuata nikapanda mteremkoni, kwenye jua, juu ya matuta yaliyoinuliwa, kwa samadi ya zamani iliyokwisha kuwa udongo. Majani yalipoanza kukauka, baba akachukua jembe akafungue mfereji.

"Baba, nakuomba, acha. Vinakomaa, havina kiu."

Alininunia siku nzima. Lakini vichwa vilitoka vigumu, vikavu, vyeupe. Jikoni, baba akamenya punje, akaitafuna mbichi, machozi yakimtoka, anacheka. Akaninyooshea nyingine.

Mate yalinijaa mdomoni, wala si ya hamu; ile harufu ya panya aliyefia darini ilikuwa imenirudia. Nikatoka nje kuyatema.