Watu Waliokataa Kurudi Kesho

Mtakaosoma haya mtanivumilia mwandiko. Shule niliishia darasa la saba, na kuandika naandika polepole. Herufi nyingine zitakuwa zimekaa upande na maneno mengine nitakuwa nimeyakosea. Kwa hilo naomba radhi. Kwa mengine yote nitakayoeleza hapa simwombi mtu radhi.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee waliokwisha kuagwa kwa soda na mabati. Mimi bado naitwa kijana. Lakini kazi niliyoifanya, ya kuchapa na kutunza mafaili ya watu kwenye duka la steshenari, nimeiacha na sirudi, kwa hiyo nimestaafu kama wengine. Na ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi hiyo lazima mtu awaambie ilivyo.

Siku ya kwanza niliripoti Njombe, mwezi wa saba, asubuhi yenye ukungu hadi mlangoni. Mwenye duka alitaka aitwe Mkurugenzi, ingawa kampuni yake ilikuwa vyumba viwili, kimoja Njombe na kingine Makambako. Aliniuliza kama najua kompyuta. Nikainamisha kichwa. Akasema hata fotokopi inafaa kwa mtu asiyesema, akanielekeza kwenye mashine. Hapo nilijifunza jambo la kwanza: karatasi ya Njombe hunywa unyevu, na ikinywa inakwama ndani ya mashine na kukunjamana. Tulikuwa tunaweka rimu karibu na jiko la mkaa kabla ya kufungua duka, tunazigeuza kama watu wanavyogeuza mahindi.

Aliyenifundisha kuchapa alikuwa mpigachapa mkuu, mwanamke wa makamo ambaye hakuwahi kunyanyua sauti. Somo lake kubwa lilikuwa kusevu, yaani kuifanya kompyuta iikumbuke kazi hata umeme ukikatika. "Ukimaliza mstari, sevu," aliniambia. "Ukienda kunywa chai, sevu. Mtu akikusalimia, sevu kwanza halafu ndiyo uitikie."

Yeye ndiye aliyenionyesha pia kwamba kazi yetu haikuwa kuchapa tu. Wateja wetu wengi hawana kompyuta. Mtu akichapiwa barua, wasifu wa marehemu, kadi za harusi au nota za kwaya, anachukua karatasi na kuondoka, lakini faili linabaki kwetu. Mwaka mwingine anarudi na kuuliza, "Lile langu si bado lipo?" Hana shaka kabisa. Ni kama mtu aliyeacha jembe kwa jirani.

Baadaye nilihamishiwa Makambako, chini ya Msimamizi, mtu mpole aliyependa amani kuliko kitu kingine. Huko nilikaa na kompyuta moja tangu asubuhi hadi jioni, na niliipanga nilivyotaka. Kwa aibu yangu sikuweza kumuuliza mtu jina mara mbili, kwa hiyo mafaili niliyaita kama nilivyowajua wenyewe: Mzee Mbao Matembwe, Viazi Iwawa, Baba Paroko Mdogo. Watu wa kwaya niliwaweka juu kushoto mwa kioo, wafanyabiashara chini, vikundi vya akina mama upande wa kulia. Mtu akiingia mlangoni, mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye faili lake kabla hajamaliza kusema kamwene, salamu yetu ya huku.

Kisha ukaja mfumo mpya. Kompyuta huwa na mfumo endeshi, yaani ule unaoamuru mengine yote: kufungua, kuhifadhi, kutuma kwenye printa. Mkurugenzi alikuja na fundi, wakaondoa mfumo wa zamani na kuweka mpya kwenye kompyuta ileile. Nje akatundika bango kusema kwamba sasa tunakwenda na wakati. Mafaili yangu yote, ya miaka, fundi aliyasomba akayatia kwenye folda moja, kama mtu anayehama nyumba kwa kutupa vyombo vyote ndani ya gunia.

Nilipobonyeza hiyo folda, juu ya kioo kilianza kutambaa kistari cha kijani. Kikafika katikati kikasimama. Kioo kikawa cheupe. Nikangoja. Kikasogea kidogo, kikasimama tena. Ni kama kompyuta ilitaka kwanza kuangalia kila picha ya kila harusi ndipo ikubali kunionyesha barua moja. Kuhamisha picha kwenda kwenye flashi ilikuwa kichekesho kingine: iliandika imebaki dakika moja, halafu imebaki saa nzima, halafu dakika moja tena. Nilimwuliza fundi. Akasema niipe siku chache, itazoea. Haikuzoea.

Wateja wakaanza kujaa. Ndipo Mkurugenzi alipopiga simu na kutoa agizo: tuwaambie watu mtandao unasumbua, warudi kesho. Mnajua ninyi wenyewe, nchi hii mtu akiambiwa ni mtandao habishi tena. Anashusha pumzi na kuondoka, kwa sababu mtandao hauna mwenyewe wa kulaumiwa. Lakini faili la kwenye kompyuta halihitaji mtandao. Lilikuwa pale pale ndani. Lilihitaji kungojwa tu. Sikujibu kitu kwenye simu, naye akachukulia kwamba nimekubali. Msimamizi ndiye aliyewaambia watu, mimi nikiwa nimeinamia kibodi.

Miongoni mwa walioambiwa hivyo alikuwa mama mmoja wa Mdandu, katibu wa kikundi cha akina mama wanaofuga kuku. Katiba ya kikundi chao niliichapa mwenyewe. Walitakiwa kuipeleka ofisi ya usajili pale mjini ili wasajiliwe, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Jumatano alikuja, akaambiwa mtandao. Alhamisi akaja tena, akaambiwa mtandao. Ijumaa alipoingia, Msimamizi alikuwa amekwenda kliniki na mkewe. Nilikuwa peke yangu.

Hakukaa. Alisimama mlangoni na mkoba wake. "Kamwene, mwanangu. Niambie mapema niwahi gari. Mtandao bado?"

Mimi mtu wa kuongea na kompyuta, si na watu. Nikasema, "Mama, mtandao upo tangu Jumatano. Ni kompyuta inafungua mafaili polepole. Lakini lako linafunguka. Ukikaa hapa na kungoja, leo utaondoka na katiba yako."

Alitua mkoba wake chini. Halafu akasema, "Sasa hilo si ndilo la kuniambia siku zote? Kungoja naweza. Kurudi ndiko kumenichosha." Akavuta kreti la soda akakaa.

Nikabonyeza folda, kistari kikaanza safari. Aliyefuata kuingia nikamwambia hivyohivyo, na aliyefuata tena. Wachache waliondoka kwa hiari yao. Wengi walikaa, kwenye makreti, juu ya rimu, wengine wakachuchumaa ukutani. Dereva wa lori la viazi aliyekuja kuchukua picha zake alisimama nyuma yangu akikitazama kile kistari. Akasema mashine hii bila shaka imetoka huko mbali Iwawa kwa miguu, tena na gunia kichwani. Mwingine akashauri iwekewe mbolea. Mama wa Mdandu akawaambia waache kuisema, itasikia na kusimama kabisa. Duka lilikuwa halijawahi kuwa na furaha namna ile, na ilikuwa haijatoka hata karatasi moja ya kazi.

Katikati ya vicheko hivyo akaingia Mkurugenzi, ameleta rimu kutoka Njombe. Akatazama watu, akatazama kioo.

"Hawa wote wanafanya nini hapa?"

"Tunangoja faili, baba," mama wa Mdandu akajibu.

Akaniinamia, akanong'ona kwa ukali kwamba nimemwaibisha, kwamba atakayepita barabarani ataona duka lenye mfumo mpya limegeuka zahanati. Akataka nizime kompyuta, niwaambie mtandao, nifunge mlango. Kistari kilikuwa karibu kufika mwisho. Nikizima, kingeanza upya, na ofisi ya usajili ingefungwa kabla mama hajafika.

Nikaweka kiganja juu ya kitufe cha kuzimia. Nikasema kwa sauti ambayo wote walisikia, "Sizimi. Na sisemi mtandao."

"Basi kuanzia sasa huna kazi kwangu."

"Sawa, Mkurugenzi. Nikishaprinti ya huyu mama nitaondoka."

Dereva alisogea akasimama kati ya Mkurugenzi na soketi ya umeme, akakunja mikono, akatazama dari kama mtu anayekagua mbao. Mkurugenzi akatoka nje kupiga simu ambayo sidhani kama ilikuwa na mtu upande wa pili.

Folda ikafunguka. Nililiona faili la kikundi, nikalibonyeza, nikatuma kwenye printa. Mama aliipokea katiba ikiwa bado na joto, akapanda bodaboda, akamkuta ofisa anatafuta ufunguo wa kufunga. Ofisa akaipokea. Niliwahudumia na waliobaki mpaka wa mwisho, dereva akiwa hajaondoka pale ukutani, kisha nikachukua sweta langu.

Sasa nalima viazi nyumbani. Mkurugenzi alishanipigia, kwa sababu hakuna anayejua Baba Paroko Mdogo ni nani. Nikamwambia narudi siku atakapoweka benchi la wateja na kuwaambia ukweli. Akakata. Sijutii hata kidogo. Mfumo mpya unaweza kuwa mzito, hilo si kosa la mtu mnyonge anayeutumia, na anayengoja anaweza kuvumilia mengi akijua anangoja nini. Lakini kumtoa yule mama kwao Mdandu mara tatu ili bango la mtu lisionekane limedanganya, hapana. Mkiagizwa hivyo, kataeni, hata kama ni watu wa kuinamisha kichwa kama mimi.

Nawaomba mniandikie. Nielezeni kwenu kompyuta zinafungua vipi, na wateja mnawaambia nini. Mkichelewa kujibu sitakasirika, ila mniambie sababu yenyewe.