Siku Niliyomsahihisha Mwalimu Mutethia

Nikikutana na mzazi yeyote wa gredi ya saba pale sokoni Isiolo siku hizi, navuka barabara, hata kama ninakoenda ni upande wake. Niseme mapema kwamba aibu hii sikupakwa na mtu, nilijipaka mwenyewe, kwa chaki nyeupe, kwa mwandiko unaosomeka hadi mlangoni.

Nianze na wivu, maana bila huo mengine yote hayangetokea. Mutethia anafundisha hesabu darasa la Talaso (Talaso ni mtoto wa dada yangu, mimi ndiye abuyya wake, yaani mjomba), na huyo Mutethia tulikaa naye dawati moja kuanzia darasa la pili mpaka la sita. Mwalimu wetu wa hesabu, M'Ikiao, alikuwa mzee anayeingia darasani na swali badala ya salamu: anafungua mlango, "Kumi na saba mara sita!", na ukichelewa kujibu unabaki umesimama kipindi kizima. Mimi sikuwahi kubaki nimesimama. Mutethia alisimama mpaka tukamwita Mlingoti, na mara nyingi aliponusurika ni mimi niliyemnong'oneza jibu. Kwa Kiingereza, haya, nikubali, Madam Habiba alisoma insha bora mbele ya darasa kila Ijumaa na kila Ijumaa ilikuwa ya Mutethia, insha za mito iliyofurika wakati sisi wote tulikuwa tunachota maji kwa mtungi, nami nikawa najiambia insha ni maneno tu. Halafu darasa la sita, muhula wa pili, nikadandia lori la kwenda Sericho kwa sababu nilitaka kujua ile barabara inaishia wapi (haiishii, hilo ndilo tatizo lake), nikachunga ngamia za watu, nikachimba visima, nikapika chapati kambi ya wajenzi wa barabara, nikasoma kila gazeti lililofungiwa nyama, na niliporudi baada ya miaka mingi Mutethia alikuwa na viatu vinavyong'aa na wazee wanampisha njia wakimwita mwalimu.

Hilo ningelimeza. Lakini Talaso! Nakaa kwa dada yangu, mtaa wa Kiwanjani, na mtoto huyu zamani aliniuliza mimi kila kitu, kwa nini ngamia anavumilia kiu, kwa nini mwezi unatufuata. Siku hizi kila jioni ni "Mwalimu Mutethia amesema". Nikimweleza jambo ananiangalia kama mtu anayesubiri kwenda kuhakikisha.

Siku ya wazazi ilipokaribia, dada yangu alikuwa Kinna kwenye mavuno ya vitunguu, akanipigia simu. "Galgalo, nenda, kaa, sikiza, weka sahihi, rudi. Umesikia? Sahihi tu." Jioni hiyo Talaso akaja na daftari lake.

"Abuyya, kesho Mwalimu Mutethia ataandika hesabu kumi ubaoni, na atakaye..."

"Talaso, leo kwa hii nyumba sitaki kusikia hilo jina. Kula."

Akaweka daftari kando, akala. Basi, ni hapo nilipojimaliza.

Kesho yake nilivaa koti la kuazima nikakaa mbele kabisa, kando ya Talaso, ili nionekane. Nikaonekana. "Galgalo! Karibu sana, rafiki yangu," Mutethia akasema mbele ya watu wote, kwa upole ulioniudhi kuliko tusi. Ubaoni kulikuwa na hesabu kumi na majibu yake. Macho yangu yakaanza kukimbia juu yake (mazoea ya M'Ikiao hayaishi) yakasimama kwa ya nne: nusu gawanya kwa robo, jibu, mbili. Mbili! Nusu yenyewe ni kidogo, umeigawanya, halafu iwe kubwa? Nikasikia utamu ambao sikuwa nimeusikia tangu darasa la sita. Talaso akanivuta mkono wa koti, nikadhani anamtetea mwalimu wake, na hilo likanichoma zaidi, nikasimama.

Nilianza kwa Kiingereza cha Madam Habiba, kwamba samahani, mwalimu, naona kosa, kikaniishia hapo, nikamalizia na Kiswahili: "Hapo ubaoni umekosea."

"Abuyya, bado hajasema tuanze," Talaso akaninong'oneza.

Mutethia akatabasamu. "Kosa liko kweli, lakini..."

Sikungoja hiyo lakini. Amekubali mwenyewe! Nikaenda mbele, nikafuta ile mbili kwa kiganja, nikaandika moja juu ya nane, kubwa, halafu (nani alinituma?) nikawageukia wazazi nikawaeleza kwamba kitu ukikigawanya kinapungua, hata mbuzi, hata shamba la urithi, na kwamba tusikubali watoto wetu wadanganywe.

Mama Kendi, mwenye duka la rejareja karibu na kwetu, akainua mkono. "Kijana, hebu nisaidie. Nusu kilo ya sukari, mimi nafunga robo robo. Napata pakiti ngapi?"

"Mbili," nikajibu papo hapo, kama enzi za M'Ikiao.

Mama Kendi akaelekeza kidole ubaoni.

"Sasa si hiyo mbili ndiyo umefuta?"

Walicheka mpaka mzee mmoja mwenye kofia akashika ukuta. "Wallahi ilikuwa pale," akasema, "nimeiona na haya macho yangu!" Baadaye tu nikakumbuka kwamba kugawanya sehemu tulikuwa tufundishwe darasa la saba, na mimi darasa la saba nililisomea Sericho, kwa ngamia.

Mutethia peke yake hakucheka. Aliwaeleza wazazi kwamba huwa anaficha kosa moja ubaoni, na watoto wanalitafuta. "Leo sasa tuko na makosa mawili. Atakayeona langu aje afute yote mawili, na huyo ndiye atatuwakilisha kwa shindano la hesabu la kaunti."

Nikarudi kukaa, jasho ndani ya koti la watu. Daftari la Talaso lilikuwa wazi. Alikuwa amefanya zote kumi. Ya tisa, robo tatu ya mia mbili, ubaoni ilikuwa mia moja arobaini. Yeye alikuwa ameandika mia moja hamsini na kuizungushia duara.

"Talaso?" Mutethia akamwita.

Alitazama ubao. Alitazama ile moja juu ya nane yangu. Akafunga daftari. "Sijaona, mwalimu."

Mvulana wa nyuma yetu, Kimathi, akaenda akafuta ya tisa, kisha yangu, watu wakapiga makofi.

Nje ya lango nikamuuliza Talaso, "Uliona?"

"Niliona."

"Sasa mbona ukanyamaza?"

"Ilikuwa lazima nifute na yako, Abuyya."

Nikachukua daftari lake, nikamwambia aningoje. Nikarudi darasani, Mutethia anakusanya chaki, nikampa daftari bila salamu. Akalifungua, akaona lile duara.

"Jina la Kimathi limeshafika ofisini, Galgalo. Na alipata kwa haki."

"Sikuja kubadilisha. Nataka ujue kwamba anajua."

"Nilijua anajua," akasema. "Nilidhani atakuja mbele."

Siku ya shindano Talaso alimsindikiza Kimathi mpaka kwenye gari la shule, akamwazima rula yake, akampungia mkono mpaka gari likapotea. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, sikuthubutu kusogea.

Wivu bado ninao, sidanganyi mtu. Jana tu nimesikia "Mwalimu Mutethia amesema" nikatoka nje nikapasua kuni. Lakini nimeapa kuubeba mwenyewe. Siku ile niliubebesha mtoto.