Kiti cha Nyuma cha Gari ya Mkwe Wangu

Nilipokuwa darasa la tatu, mjomba wangu alikuja shuleni, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akamwomba mwalimu ampe kijana kwa siku moja tu. Siku hiyo haijaisha mpaka leo. Mjomba alikuwa mhunzi, anafua majembe na visu vya kuvunia ulezi, na aliyekuwa akimvutia mivuo alikuwa ameoa mbali na kuhama. Mivuo, kwa msioijua, ni viriba viwili vya ngozi ya mbuzi. Unakandamiza kimoja, unainua kingine, upepo unapita kwenye bomba la udongo na kuingia kwenye makaa. Ukilegea, makaa yanabaki mekundu tu. Ukikaza, yanageuka meupe na chuma kinakuwa laini kama ugali. Mjomba hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akisema, "Ongeza." Basi. Ndivyo nilivyosoma mimi, kwa hiyo mkiona herufi zangu zimeegemeana msicheke sana, zilijifunza kusimama zikiwa zimechoka.

Sijui kwa nini nimeanzia kwa mjomba. Nimekaa hapa kuandika habari ya mke wangu, jinsi alivyokaribia kukosa kumwogesha mtoto wa binti yetu wa mwisho kwa sababu ya gari iliyoongezwa mbio. Lakini gari ile ilikuwa na mivuo, na mimi nikionyeshwa kitu chenye mivuo lazima nipite kwa mjomba kwanza, kama vile huwezi kutoka kwetu Mbalizi kwenda Tukuyu bila kupita Uyole.

Gari ilikuwa ya mkwe wangu, aliyemwoa huyo binti. Mhehe wa Kihesa, Iringa, mrefu, mpole, muuzaji wa mbegu za mahindi, mtu mwenye adabu mpaka unatamani akukosee kidogo mpumzike wote wawili. Siku alipokuja nayo mara ya kwanza niliizunguka. Ilikuwa fupi, mkia haina, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu kama mdomo wa kiboko.

"Nusu iliyobaki inakuja lini?" nikamuuliza.

Akacheka mkono ukiwa mdomoni. "Baba, hii ndiyo nzima."

"Basi walikupunja."

Akafungua boneti anionyeshe kwamba hakupunjwa. Ndani kulikuwa na kitu kama konokono la chuma. Akasema linaitwa turbo. Moshi wa injini, badala ya kwenda bure, unazungusha feni ndogo, na feni hiyo inasukuma hewa nyingi kuingia kwenye injini, moto unakuwa mkali. Nikamwambia hiyo ni mivuo. Nikamweleza habari za mjomba tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwa adabu yake akasikiliza yote amesimama juani. Tangu siku ile tukawa marafiki.

Fundi alikuwa jirani yangu, Msangu kwa kabila, gereji yake ukuta kwa ukuta na ua wangu. Maisha yake yote alikuwa ametengeneza malori yaendayo Tunduma. Alipoona gari ile alifuta mikono kabla ya kuigusa, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya hata kwa chakula.

"Lori ni ng'ombe," akasema. "Hii ni swala."

Mwanzo yalikuwa mambo madogo. Mkwe alileta chujio la hewa la wazi, likafungwa, gari ikaanza kuvuta pumzi kwa sauti, fyuu, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Msimu uliofuata akaja na bomba pana la moshi, lisilo na kile kitumbo cha kumeza kelele. Kuku wangu wakahamia kwa mchungaji. Kisha wakaongeza presha ya turbo, nguvu ikaja, lakini klachi ikaanza kuteleza, ikabidi itafutwe ngumu. Hewa ikisukumwa sana inapata moto, kwa hiyo kikafungwa kipoza hewa mbele, nyuma ya bampa. Hewa ikiwa nyingi inataka petroli nyingi, kwa hiyo pampu mpya. Mbio zikizidi zinataka breki. Nikaja kuelewa kwamba kuongeza gari nguvu ni kama kuoa, unaleta mmoja, anakuja na ukoo.

Mkwe alikuwa anakuja Mbeya kwa kazi yake ya mbegu, na kila akija gari inalala kwangu, fundi anaruka ukuta. Mimi nilikuwa nakaa karibu nikisema, "Ongeza." Fundi alinifundisha kwamba huku kwetu juu hewa ni nyembamba, gari ya kawaida ikifika Mlima Nyoka inahema kama mgeni wa Pwani, lakini yenye turbo inajisukumia hewa yake yenyewe. Siku moja wakaiteremsha mpaka Chimala, kwenye joto na hewa nzito, injini ikaanza kugonga ndani kama mtu anayepiga hodi. Wakarudi taratibu, fundi kanuna. Presha ikapunguzwa kidogo, halafu ikarudishwa kidogokidogo, mpaka fundi akaridhika.

Fundi alikuwa na neno moja tu. "Siku swala huyu atakapopanda Mlima Nyoka wote kwa gia ya nne bila kushusha, nitakufa nimeshiba."

Wakajaribu, ikabidi kushusha kwenye kona ya juu. Nami nilikuwa ndani. Fundi akanitazama kwa muda mrefu.

"Mzee, wewe una uzito gani?"

"Wa mtu mzima."

"Basi kesho utabaki nyumbani, baba yangu."

Ndipo kikaja kipindi cha kupunguza uzito. Walinitoa mimi, wakatoa tairi la akiba, wakatoa zulia na hata kile kisahani cha majivu ya sigara. Mwisho wakatoa kiti cha nyuma chote, kikaletwa kwenye baraza yangu kikaegemezwa ukutani. Nitasema kweli, sijawahi kukaa mahali pazuri kama pale. Nilikuwa nakaa katikati, mikono nimeitandaza huku na huku, natazama malori. Mke wangu akipita na ndoo anasema, "Unaonekana kama mtu aliyenusurika ajali, gari yote imekwisha kabaki yeye."

Sasa lazima nieleze mke wangu. Yeye alilelewa na bibi yake, na kwa bibi yule mama mkwe na mume wa binti yake hawasogeleani. Vijana wa siku hizi nawaona wanakumbatiana na wakwe zao nje ya kanisa, mimi sisemi kitu. Lakini kwetu, mkwe akifika anachuchumaa nje ya jiko, anapiga makofi polepole, anausalimia ukuta. Mke wangu yuko ndani, naye anaujibu ukuta huohuo. Ukuta ule umesalimiwa kuliko mzee yeyote wa Mbalizi. Kukaa naye bega kwa bega, hapana, bora umwambie atembee na kilemba cha mwanamume.

Na lipo la pili. Mama mkwe haendi kwa mkwe wake mara ya kwanza kwa nauli yake mwenyewe. Anafuatwa, na anayemfuata ni mkwe mwenyewe. Akijipeleka, wanawake wa upande ule watasema njaa imemleta. Na la tatu ndilo kubwa. Mtoto wa kwanza wa binti anaogeshwa na mama wa binti mpaka kitovu kidondoke. Kitovu kikidondoka yeye hayupo, basi wameogesha wa kule, na yeye atakuwa bibi wa kwenye picha.

Simu ilipigwa asubuhi nikiwa kwenye kiti changu. Mkwe akasema binti amejifungua salama hospitali ya Tosamaganga, mtoto wa kike, wako njiani kurudi Kihesa. "Kesho nakuja kumchukua mama," akasema. Nikamwambia hongera, na ndaga, ndiyo asante ya kwetu, njoo upesi. Jikoni mke wangu alikwisha kuanza kufunga vitenge. Nilizungumza yale yote juu ya kiti kile, na wala hakikunikumbusha kilikotoka.

Kesho yake tuliisikia gari kabla ya kuiona. Mke wangu alitoka amejitanda vizuri, kapu la ndizi mkononi, majani yake ya kuogeshea yamefungwa kwenye kanga. Mkwe alikuwa amesimama nje ya ua, uso ameuelekeza kwenye mlima kama adabu inavyotaka. Mke wangu akachungulia dirishani mwa gari. Nyuma kulikuwa na bati tupu.

"Nakaa wapi mimi?"

"Mbele," nikasema.

"Mbele na nani?"

"Na anayeendesha."

Akalikaza kapu mkononi. Mkwe huko nje akauangalia mlima zaidi.

"Huyo mtoto ataoga maji ya kwao," akasema mke wangu. Akarudi jikoni, akakaa kwenye kigoda karibu na moto. Hakuvua kitenge cha safari. Kapu hakuliachia. Nimeishi naye miaka mingi, namjua akikasirika, anapiga sufuria. Siku ile hakupiga kitu.

Mkwe akaingia barazani, akasimama mbele yangu amekunja mikono. "Baba, kama nikitandika godoro pale nyuma?"

"Mama mkwe wako ni gunia la mbegu?"

"Hapana, baba. Na wewe ukiendesha, mimi nikae..."

"Ukae wapi? Na macho yangu siku hizi yanaona lori moja kama mawili, sijui nikwepe lipi."

Akatazama chini. Akatazama miguu yangu, halafu magoti, halafu nilichokalia. Uso ukamshuka.

"Baba, samahani sana," akasema. "Naomba usimame."

Fundi alipoitwa aliruka ukuta na sanduku la spana, anacheka. Alidhani ni habari ya Jumamosi. Alikuwa ametangazia soko zima kwamba Jumamosi swala anapanda Mlima Nyoka kwa gia ya nne, wauza vitunguu wamekubaliana kwenda kuangalia. Akanikuta nimesimama, kiti kimelala uani, kuku wanakisimamia.

"Nakirudisha," mkwe akamwambia.

"Kina uzito."

"Najua, kaka. Na kile kitumbo cha bomba. Na presha uishushe, nateremka Chimala na mama ndani."

Fundi akaweka sanduku chini. "Halafu Jumamosi tunakitoa tena."

"Jumamosi niko na mtoto."

"Jumamosi ya pili."

Mkwe akaokota unyoya juu ya kiti. "Kiti kitabaki, kaka. Sasa tuko watatu. Na mama atakuja na kurudi."

"Ninyi Wahehe," fundi akasema, kwa utani lakini utani wenyewe ulikuwa mkavu, "mlipigana na Mjerumani, leo umeshindwa na kikongwe aliyeko jikoni."

Kutoka jikoni sauti ikasema, "Kikongwe anasikia."

Tukacheka, hata fundi, lakini yeye aliacha kucheka kabla yetu. Nilimwambia, "Nawe una mama mkwe." Akasema anaye, na anamwogopa. Hakubishana tena. Akavua shati la juu, akaingia chini ya gari.

Na alifanya kazi vizuri, hilo lazima niseme. Angeweza kufunga kwa hasira, boliti mbili mtu aende. Alikisugua kiti kwa maji na sabuni ya unga, mavi ya kuku yakatoka. Alifunga kitumbo cha bomba, akaishusha presha ya turbo, akawasha, akasikiliza, akashusha tena. Mikanda ya kiti niliyokuwa nikifungia mbuzi aliidai, akaipima kwa kuvuta kwa uzito wake wote. Mwisho akaingia mwenyewe nyuma akaketi, akaruka mara kadhaa pale juu, akatoka, akafunga mlango taratibu.

Mke wangu akatoka. Akaingia nyuma na kapu lake na majani yake, akajifunika kanga upande wa mbele, uso dirishani. Mkwe akaingia akiwa ametazama lami. Kabla ya kuwasha akakigeuza kile kioo cha ndani, kikatazama paa, asije akamwona mama mkwe kwa bahati mbaya. Mke wangu akaugonga mgongo wa kiti cha mbele mara moja kwa kidole, kama anaugonga ukuta wetu.

"Mwambie dereva mtoto anasubiri," akaniambia mimi.

"Dereva amesikia, mama," mkwe akaniambia mimi.

Wakaondoka. Hakuna kuku aliyeruka. Gari ilikwenda kimyakimya kama ya mwalimu mkuu, ikashika njia ya Iringa, ikachanganyika na malori. Kitovu kilidondoka siku tatu baadaye mkononi mwa mke wangu, na amelieleza jambo hilo kanisani mpaka watu wanalijua kwa kichwa.

Lakini siku ile tulibaki wawili uani, mimi na fundi. Alikuwa bado amegeuza sikio kule ilikokwenda gari, ingawa hapakuwa na cha kusikia. Barazani palikuwa na alama tu ukutani, mahali kiti kilipokuwa. Nikamwambia aketi kwenye kigoda, chai ipo jikoni, mwenyewe nitaimimina.

Akanawa mikono kwa ile sabuni iliyobaki, mpaka kwenye viwiko. Akavaa shati lake, akalifunga vifungo vyote. Sanduku la spana lilikuwa wazi pale chini, akaliruka.

"Nakuja, mzee," akasema.

Hakupita ukutani, alipita mlangoni. Akavuka barabara, akakata kona ya sokoni, na hakurudi tena, gereji imefungwa mpaka leo; nadhani mtu aliyekwisha kumgusa swala hawezi kurudia ng'ombe.