Kiolezo Kimoja cha Mwalimu Mwanaidi

Usiku ule nililala nikijisifu. Mchana, mashine ya kufyatulia tofali za unene wa nchi tano nusura imsage vidole Kaka Juma, msimamizi wa kiwanda. Programu inayoziendesha mashine zote tatu za pale niliiandika mimi, na kasoro ile, ya mashine kutosimama mkono ukiwa ndani, niliisahihisha palepale. Basi nikalala, na Mwalimu Mwanaidi akaja, yeye aliyenifundisha kazi hii, ambaye nilimzika mwenyewe. Alisimama mlangoni, mikono kaificha ndani ya khanga.

Aliniambia nimfuate. Hatukutoka nje, chumba chenyewe kiligeuka kiwanda. Mashine zinanguruma: ya nchi tano, ya nchi sita, ya nchi tisa. Programu niliiandikia ile ya kwanza, nikainakili kwa hizo nyingine na kubadilisha ukubwa tu. Uvivu una raha yake.

Mwalimu anatoa mkono wa kulia, anauweka chini ya chuma cha kushindilia cha nchi tano. Mashine inasimama. Nashusha pumzi. Anauhamishia kwenye ya nchi sita, na chuma kinashuka. Mifupa inavunjika kama kuni kavu, damu inaniruka usoni. Nabonyeza swichi ya kuzima, haizimi. Anapeleka wa kushoto kwenye ya nchi tisa. Namvuta, ananipiga kumbo naanguka mchangani, na chuma kinashuka tena. Nilimchukia wakati ule, wallahi, kwa kunilazimisha kutazama.

Hakulia. Aliniinamia, damu ikinidondokea kifuani.

“Umeponya mmoja, Salma. Pacha zake je?”

Nilifuta damu machoni, naye akaendelea.

“Andika kiolezo kimoja cha kuziendesha zote. Ukubwa wa tofali ukipe mwanzoni, usibadilike tena. Ukikosea, wote watakosea pamoja. Ukirekebisha, wote watapona.”

Niliamka kumekucha, nikimlilia. Nikampigia simu Kaka Juma, nikamwambia azime mashine zote. Akanicheka kidogo, akasema ya nchi tano iko salama tangu jana, yeye anakwangua udongo ulioganda kwenye ya nchi sita. Ndivyo wafanyavyo pale, kwa mkono, mashine ikiwaka.

“Mkono uko wapi, kaka?”

“Umo humu ndani.”

“Utoe. Utoe sasa hivi.”

Nikasikia kishindo, chuma juu ya chuma. Nikamwita, nikamwita tena.

“Nimeutoa, dada,” alisema mwishowe, kwa sauti ya mtoto.

Asubuhi hiyohiyo nilizifuta nakala zote za programu, nikaanza kuandika kiolezo kimoja.