Vikuba vya Uani

Mume wangu hufunga makontena pale bandarini Kipevu. Meli ikitia nanga, yeye na wenzake hupanda juu na vyuma vyao virefu, wakayakaza makontena yasije yakaporomoka safarini, au wakayalegeza yapate kushushwa. Jua na mvua kwao ni mamoja. Mikono yake imekomaa hata akinishika bega nausikia ugumu wake kupitia leso. Na kwa mikono hiyo hiyo, kila Alhamisi akitoka zamu ya asubuhi, huoga, hufunga kikoi, huchukua uteo wa kutilia maua, akaenda kwenye asmini alizozipanda mwenyewe nyuma ya nyumba yetu Mtongwe, akachuma, kisha akaketi kutunga vikuba.

Kwa asiyekijua, kikuba ni kishada kidogo cha asmini zilizotungwa kwa sindano na uzi, pamoja na rihani na vipande vya mkadi. Mwanamke hukibandika kifuani au kwenye nywele anukie, na anayekusudiwa kuisikia harufu hiyo ni mumewe. Kwetu sisi kazi ya kuvitunga ni ya wanawake. Mwanamume akionekana na kikuba mkononi, watu hujua anampelekea mtu, na huulizana ni nani huyo anayepelekewa.

Yeye alilelewa na nyanyake, na nyanyake alikuwa akiviuza Likoni. Alijifunza kwa kukaa naye, na bibi alipofariki hakuacha. Wanaume wengine wana mpira, wengine wana bao, wengine wana mambo yasiyosemeka. Wangu ana asmini na redio ndogo, na nyimbo za redioni huzifuatiza kwa sauti isiyopatana nazo hata kidogo. Huo ndio ufisadi wake wote.

Nilipoolewa nilimkuta akitungia barazani, mbele ya nyumba, kila apitaye amwone. Wazee wa mtaa walimsalimia wakapita, kwao si jambo geni. Lakini mimi ni mtu wa Kisauni, na siku moja rafiki zangu wa kule walinitembelea, wakamkuta mume wangu amekaa kitako, mwanamume mzima na mabega yale, anatia uzi kwenye tundu la sindano huku ametoa ulimi. Wakajifunika midomo kwa buibui. Walipoondoka nilimwambia, "Bwana, kwani uani hapana nafasi?"

Alinitazama kidogo, akakunja mkeka, akabeba uteo wake na redio, akaenda uani. Hakuniuliza kwa nini. Nami nikamshukuru Mungu kwa kunipa mume msikivu.

Kwa hivyo vikuba vikawa vinatoka nyumbani kwangu bila ya mtu kumwona mtungaji. Nilivivaa kwenye maulidi, nikavipeleka kwa waliojifungua, nikawatumia dada zangu Kisauni. Watu walininusa wakasema, "Mashallah, mkono wako huo." Sikuwahi kujibu kwamba ni wangu. Nilitabasamu tu na kuangalia chini, na mwanamke akiangalia chini anaposifiwa, watu hukamilisha wenyewe. Nikawa fundi. Nikapewa hata ushauri wa kufungua biashara.

Basi mwaka huu binti ya dada yangu mkubwa akaposwa na watu wenye jina lao, watu wa maduka, ambao hata kikombe cha chai hukigeuza waone chini kimeandikwa nini. Mamake bwana harusi alikuwa amewahi kukinusa kikuba changu mahali. Akamwambia dada yangu kwamba hataki maua ya kununua. Anataka siku ya kupamba, siku ambayo bibi harusi huwekwa mbele ya wanawake wakamtazama, mkwewe avae vikuba vya khaloo wake, yaani mimi mamake mdogo, na vitungwe palepale, mchana, wanawake wa pande zote mbili wakiimba. Dada yangu alikubali kwa furaha. Alinipigia simu akaniambia, "Umetutia nuru, mamii. Wale watu walikuwa wakitutazama kwa jicho la pembeni, na sasa wanakutaja wewe."

Sikulala vizuri wiki ile. Ningeweza kumwambia mume wangu anifundishe, lakini ningemwambia nini? Kwamba kazi niliyoiona aibu akiifanya yeye, nimejigamba nayo mimi? Siku yenyewe ilipofika nikafanya jambo la kitoto. Nilijifunga bandeji kwenye kidole cha shahada, nikasema nimejikata na kisu nikikatakata vitunguu.

Mume wangu alikuwa anajiandaa kwenda zamu. Aliniketisha kitandani, akasema nimeifunga vibaya itafunguka, akaizungushia nyingine juu yake, taratibu, asiniumize. "Usiitie maji," akasema. "Na mwambie dadako wakupe kazi nyepesi."

Nilifika Kisauni nikiwa na kidole changu mbele. Wanawake walikuwa wamejaa ukumbini, mikeka imetandikwa, teo za asmini zimepangwa katikati. Nilimwamkia mamake bwana harusi shikamoo, akaniitikia marahaba, nikaonyesha kidole, nikasikitika kama mtu anayesikitika. Nilidhani nitaambiwa pole nikakalishwa pembeni na sahani ya kaimati.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Basi wewe keti hapa juu utwelekeze. Mikono iko mingi. Tunataka kujua siri ya asmini zako kutosinyaa."

Siri. Mimi siri niliyokuwa nayo ni moja tu, na haikuwa hiyo.

Nikaketi, nikawa naelekeza. Tumba kubwa nje, tumba dogo ndani, rihani katikati, nikasema lolote lililoonekana kuwa na maana. Walinifuata kama maamuma wanavyomfuata imamu. Kisha nikakumbuka kwamba, nikiwa jikoni, humwona mume wangu dirishani akichovya vidole ndani ya bakuli kila mara. Sikuwahi kumuuliza kuna nini humo wala anachovyea nini. Nikasema kwa sauti ya mtu anayejua, "Sasa zitoseni kwenye marashi. Zote. Ziache zinywe." Mama mmoja mtu mzima akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia ndiyo siri yenyewe. Wakatosa zote.

Tuliposali alasiri tukarudi, asmini zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Zimelegea, zinateleza, na harufu yake imekuwa ya kitu kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Mamake bwana harusi alikiinua kikuba kimoja kwa vidole viwili, akakirudisha mahali pake. Dada yangu alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Bintiye angekaa mbele ya watu hao bila kikuba, na lawama ingekuwa ya ukoo wetu maisha.

Nikajifungia msalani nikampigia simu mume wangu. Ndiyo kwanza anatoka zamu. Nilimwambia maua yameharibika, sikumwambia nani ameyaharibu. Akauliza jambo moja tu, kupamba kunaanza lini. Nikamwambia baada ya Isha. "Haya," akasema, akakata.

Kutoka Kipevu mpaka Mtongwe, kisha kurudi kuvuka tena feri na kuja Kisauni, kila mwenyeji wa hapa anajua ni saa za foleni na msongamano. Nilikaa nimejiinamia. Wanawake waliacha kuimba wakawa wanazungumza mambo ya bei ya mchele.

Magharibi ilikuwa imeshapita nilipoitwa mlangoni. Nikajibu abee, nikatoka. Alikuwa amesimama nje ya geti, hakuoga, bado yumo ndani ya ovaroli na lile koti la kung'aa la bandarini, buti zimejaa vumbi. Mkononi ameshika uteo uliofunikwa jani la mgomba. Nilifunua. Vilikuwa vikuba vya kuwatosha bibi harusi na mama zake wote, vyeupe, ndiyo kwanza vinaanza kufunguka.

"Umetungia wapi?" nikamuuliza, maana saa zenyewe hazikutosha.

"Kwenye foleni ya feri, kisha ndani ya feri, vingine kwenye gari," akasema. "Ningekaa kutungia uani ningechelewa."

Alilisema hilo kama mtu anavyoeleza njia aliyopita. Halikuwa na mwiba ndani yake, na ndiyo sababu lilinichoma. Akaniambia niendelee kuvifunika kwa jani, akaniuliza hali ya kidole, akaondoka kwenda kutafuta gari la kurudi.

Niliingia navyo ndani, vigelegele vikapigwa. Mamake bwana harusi alinusa, akafumba macho, na dada yangu akashusha pumzi ambayo nadhani aliizuia tangu alasiri. Bibi harusi akavalishwa. Alipendeza mno hata nikamwonea wivu.

Katikati ya shangwe hizo wageni wa Likoni wakawasili, na mmoja wao, mwanamke mcheshi, akaanza kueleza yaliyowakuta njiani. "Leo ferini tumeona kioja, wallahi. Limwanamume lizima la bandarini, na buti zake, limeketi kwenye sakafu ya feri latunga asmini. Watu wamelizunguka wanalipiga picha. Vijana wampigia miluzi, wamwita bibi harusi. Na yeye wala hainui uso, atunga tu."

Ukumbi mzima ukacheka. Mamake bwana harusi alicheka mpaka akajifuta machozi. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka. Kicheko kilinitoka kabla sijakiita, kilekile cha rafiki zangu pale barazani, na nikasikia sauti yangu ndani ya sauti zao. Halafu nikamwona akilini mwangu ameketi katikati ya miluzi, amekazana, ulimi nje, anajua kwamba akiinua uso atapoteza muda, na muda ule ni wangu.

"Yule ni mume wangu," nikasema.

Wakacheka tena, wakidhani natania. Ikanibidi nisimame. Niliwaambia vikuba hivi ndivyo alivyokuwa akitunga, na vile vya zamani vyote ni vyake, na mimi sindano ya asmini sijawahi kuishika. Nilisema haraka haraka, nikiangalia mkeka. Kicheko kilikatika kipande kipande. Yule mcheshi akasema, "Nisamehe, dadangu, mimi sikujua," na uso wake ulikuwa umemshuka. Nilitaka kumwambia kwamba yeye hakujua, lakini mimi je.

Mamake bwana harusi alikigusa kikuba kifuani pake. "Amevituma au amevileta mwenyewe?"

"Amevileta mwenyewe."

"Na mumemwacha akaondoka bila ya kupewa hata maji?"

Swali hilo halikuwa la watu wote. Lilikuwa langu. Sikuwa nimemwambia hata ahsante.

Nilirudi Mtongwe kesho yake baada ya sala ya Ijumaa. Njia nzima nilitunga maneno, nami hata maneno kuyatunga nilishindwa. Nilimkuta jikoni amenibandikia chai. Aliniuliza harusi ilikuwaje, bibi harusi alipendeza vipi, vikuba vilitosha au vilipungua. Nikamwambia vilitosha. Nikamwambia nimewaeleza kwamba ni vyake. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua ilinyesha.

"Lete kidole nikubadilishie bandeji," akasema.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema nimeshabadilisha. Nilimpa mkono. Aliinamisha kichwa karibu, akaanza kuifungua ile ya juu aliyoifunga mwenyewe, kisha ile ya chini niliyoifunga mimi, polepole sana, akisimama kila inaposhika kidogo, akiniuliza kama naumia. Mimi nilikuwa nalia, na yeye alidhani ni maumivu, akazidi kwenda taratibu. Bandeji ikaanguka mezani. Kidole kilikuwa kizima, kimekunjamana tu kwa jasho, hakina hata mkwaruzo.

Alikigeuza upande huu na upande huu. Nilingoja aniulize.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kimepona." Akakunja ile bandeji, akaitupa, akaenda kuoga.

Niliposikia maji yanamwagika nilikwenda uani. Niliuchukua mkeka wake, na uteo, na redio, na lile bakuli, ambalo siku hiyo nililiangalia ndani kwa mara ya kwanza nikaona ni maji matupu ya kulowesha uzi. Nikavipeleka vyote mbele, nikatandika barazani, nikaketi. Jirani aliyekuwa anapita akasimama kuniamkia, akautazama uteo, akaniuliza leo ninatunga mimi.

"La," nikamwambia. "Ni vya mume wangu. Anakuja sasa hivi, na mimi nataka anifundishe."