Chungu cha Jumamosi

Iko Jumamosi moja ya vuli ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, Masatu mwanangu, na nataka nikusimulie. Naituma kwa sauti, maana macho yangu hayaziwezi tena zile herufi ndogo za simu. Usisikilize sasa hivi. Najua huko dukani kwako Manyamanyama huyu anataka kava, yule anataka chaji, mwingine simu yake imeingia maji na anakulaumu wewe. Funga duka kwanza, uoge, ule, ndipo unisikilize. Mimi nikianza kusema siharakishwi, unanijua.

Wakati huo nilikuwa kijana, fundi cherehani mjini Musoma. Sisi watu wa kijijini Buswahili tumelelewa na mihogo na ng'ombe, samaki tulikuwa tunamjua akishakauka. Lakini nilipofika mjini, jirani yangu mmoja alinipa ndoano na kipande cha nailoni, nikakata mwanzi, nikaenda kujaribu kwenye mawe ya ziwani kule Nyegina. Basi, nikanogewa. Kila Jumamosi nilifunga cherehani mapema, nikachimba minyoo nyuma ya bafu, nikafunga mwanzi kwenye baiskeli na kuondoka. Wavuvi wa kweli, wale wa mitumbwi na nyavu, walikuwa wakinipita pale juu ya jiwe na kucheka. "Fundi, leo unawapima suruali?" Nami nawajibu kwamba wateja wangu bado wanavua nguo. Tulikuwa tunacheka, na nilikuwa mtu wa furaha.

Ni katika kwenda na kurudi huko ndiko nilikomwona mama yako. Alikuwa Nyangeta wa Mzee Mafuru, na nyumba yao ilikuwa kandokando ya barabara ya kushuka ziwani. Ile siku ya kwanza niliyokwenda pale nikiwa mkwe anayetambulika, Mungu alinipendelea, nikavuta sato mkubwa, mnene, ambaye hata wale wavuvi walisimama kumtazama. Nikampeleka. Unajua mambo ya wakwe kwetu, ingawa nyie vijana mnayachekea. Mkwe haingii ndani. Unakaa nje kwenye kiti, mama mkwe yuko ndani, mnasalimiana kwa sauti tu, na usimtazame usoni hovyo. Basi nikiwa nimekaa pale nje nikasikia sauti yake kutoka jikoni: "Mkono wa mkwe wangu una baraka." Mwanangu, nilivimba kichwa wiki nzima. Nilishona mpaka suruali za watu zikatoka fupi.

Tukaoana. Haikupita muda mrefu bibi yako, yule mama mkwe wangu, akaanza kuugua. Tumbo lilikuwa likimsumbua, akapelekwa hospitali, akakaa huko, mwisho wakamrudisha nyumbani. Mama yako akaenda Nyegina kumuuguza, mimi nikabaki mjini na cherehani. Mgonjwa akawa hali chakula. Uji anasukuma pembeni, ugali ndiyo kabisa hautaki hata kuuona. Siku moja akamwambia mama yako, "Nikipata mchuzi wa samaki wa mkono wa mkwe wangu, huo naweza kula." Nilipoletewa maneno hayo nilisimama papo hapo. Mgonjwa amekataa vyakula vyote vya dunia, kimebaki kimoja, na hicho ni mimi wa kukipeleka. Niliapa kwamba atakunywa mchuzi ule kabla ya jambo lolote.

Vuli ilikuwa imeanza. Jumamosi ya kwanza nilikaa juu ya jiwe langu tangu asubuhi. Nikapata furu. Unawajua furu? Tusamaki tudogo twa kwenye mawe, hata ukitujaza kiganjani bado unaona mistari ya mkono. Nikawatazama wale furu, nikamkumbuka yule sato. Nikajiuliza, mimi mwanaume mzima, mkwe wa watu, niende ukweni na hawa? Kwetu ukweni huendi na kitu cha kuficha mfukoni. Unakwenda na mbuzi, ukishindwa sana na jogoo mwenye mkia. Nikawapa wale furu wanawake waliokuwa wakifua nguo ufukweni, nikapanda baiskeli. Nilipofika usawa wa nyumba ya Mzee Mafuru niliinamisha kichwa, nikakanyaga pedeli kwa nguvu nisije nikaitwa.

Jumamosi iliyofuata upepo ulichafua ziwa, maji yakawa kama chai ya maziwa, na kilichokuja kwenye ndoano ni gogogo, yule wa miiba. Nikiwa namtoa akanichoma hapa kwenye kidole gumba. Mkono ukavimba hata mkasi haukushikika, wateja wakanitukana vya kutosha. Nikapita tena ukweni mbio, mkono nimeuficha ndani ya koti.

Mara nyingine ndoano ilishikwa na samaki ambaye mpaka leo sijamwona. Nadhani alikuwa sangara. Nilihisi uzito ule mpaka mabegani, nikaanza kumwita Mama Maria na watakatifu wote niliofundishwa kwenye katekisimu, nikasema leo ndiyo leo, mama mkwe anakula. Mwanzi ukakatika katikati. Nusu ikaenda na samaki, nusu ikabaki mkononi kwangu. Na wale wavuvi safari hii hawakucheka, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Nikakata mwanzi mwingine. Na sikiliza hii, maana hata sasa nikiisimulia nasikia hasira. Nikampata sato. Hakuwa kama yule wa kwanza, lakini alikuwa sato wa heshima. Nikamfunga kamba, nikamwacha majini abaki hai, nikasema ngoja nimwongeze mwenzake ili sahani ijae. Tamaa, mwanangu! Nilipogeuka kuvuta kamba, kenge alikuwa amekwisha kumaliza kazi. Alinibakizia kichwa, kenge mshenzi yule, halafu akakaa pale kwenye mawe ananitolea ulimi. Nilimrushia jiwe, nikarusha na kiatu, na kiatu kikaingia ziwani. Nilipita ukweni siku hiyo na kiatu kimoja.

Katikati ya hayo mama yako alikuja mjini kuchukua shuka na sabuni. Akaniambia, "Mama anakuulizia."

"Mwambie nipo, namtafutia mkubwa," nikamjibu.

"Mkubwa, nani kakuagiza mkubwa?"

"Nyangeta, wewe huelewi mambo ya wakwe."

Akaniangalia. Unamjua mama yako akikuangalia hivyo. Akakunja shuka zake akaondoka, na mimi nikaona nimeshinda.

Sasa ndiyo nafika kwenye Jumamosi yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri ikaacha, ziwa limetulia kabisa, na nilikuwa na hakika ya kupata. Nikakaa, nikakaa. Furu. Furu. Furu tena. Jua lilipoanza kupungua nikakunja nailoni, nikawatia wale furu kwenye mfuko kwa sababu siku hiyo hapakuwa na mtu wa kuwapa, nikaanza kupanda kilima. Mzee Mafuru alikuwa amesimama katikati ya barabara.

Babu yako yule alikuwa mtu mkimya. Tangu nimwoe binti yake sikumbuki kama alikuwa amewahi kuniambia maneno ya kujaza sentensi. Akashika usukani wa baiskeli.

"Mkwe, shuka."

Nikashuka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umebeba nini humo?"

"Hakuna kitu, baba. Ni furu tu."

"Kwani furu si samaki?"

 Nikaanza kumweleza habari za mwanzi, za kenge, kwamba wiki ijayo nina jiwe jingine nimeambiwa lina sato wazuri. Akaniacha niseme mpaka maneno yakaniishia mwenyewe. Kisha akasema taratibu, huku bado ameshika usukani.

"Mama yako mkwe dirisha lake linatazama huku barabarani. Asubuhi akikuona unashuka na huo mwanzi wako, anamwambiaga Nyangeta abandike chungu. Anakatiwa nyanya, anakatiwa kitunguu, maji yanachemka, yanaongezwa mengine. Jioni anakuona unapita. Chungu kinaepuliwa. Ndivyo tunavyokaaga hapa kila Jumamosi." Akalitazama dirisha lile. "Juzi ameniuliza, Baba Nyangeta, hivi mimi mkwe wangu nimemkosea nini?"

Ee Mungu wangu. Mwanangu, nimepigwa maishani, nimeibiwa, nimezika ndugu, lakini sijawahi kuambiwa neno likanichoma kama hilo. Mimi nilidhani naficha aibu yangu. Kumbe kila nilipokanyaga pedeli kwa nguvu, mgonjwa yule kitandani alikuwa anahesabu makosa yake, akitafuta ni lipi lililonifanya nimkimbie. Nililia pale barabarani mbele ya baba mkwe, jambo lisilofanywa. Yeye akautoa ule mfuko mkononi mwangu, akaita, "Nyangeta! Mkwe amefika." Na mama yako akatoka jikoni akipangusa mikono, maana chungu kilikuwa motoni tayari.

Nikawekewa kiti nje, karibu na dirisha, nimegeuka upande wa barabara kama adabu inavyotaka. Wale furu wakaoshwa, wakatumbukizwa wote na vichwa vyao. Baadaye nikasikia kijiko kinagonga bakuli ndani. Kikagonga tena. Nikashika magoti yangu nikawa nasikiliza kile kijiko tu.

"Mkwe," akaita. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini ni yeye.

"Naam, mama."

"Hawa nawajua. Baba yangu alikuwaga anawavua palepale kwenye mawe. Wakubwa tulikuwa tunapeleka sokoni. Sisi watoto tulikula hawahawa."

"Nisamehe, mama. Nilitaka nikuletee mkubwa."

Akacheka kidogo, na kicheko kikamletea kikohozi. Kikatulia. "Mkubwa ulishaleta. Sasa wewe uwe unapita. Ukipata, pita. Ukikosa, pita, unisalimie hapo hapo dirishani nijue umerudi salama kutoka majini."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa moyo wote, na nilikuwa tayari nimepanga ningekuja siku gani na ningesema nini. Lakini ahadi ile sikuitimiza hata mara moja, maana Jumamosi iliyofuata nilishuka barabara ile bila mwanzi, nimevaa suti niliyoishona mwenyewe, kwenda kumzika. Mama yako aliniambia kwamba katika siku zile za mwisho chakula kilichokaa tumboni mwake ni ule mchuzi. Nashukuru alikunywa. Lakini angeweza kuunywa vuli nzima, na hilo ndilo linalonikalia hapa kifuani.

Sasa nakuja kwako, Masatu. Kila ukipiga simu unasema, "Baba, nitakuja nikijipanga." Nakuelewa. Uliahidi mabati ya nyumba ya mama yako, na biashara imekuwa ngumu, na umeona mtoto wa jirani amekuja na gari mpaka mlangoni, na wewe hutaki kushuka kwenye bodaboda na mkate mmoja na kilo ya sukari. Huko ni kuinamisha kichwa na kukanyaga pedeli, mwanangu, hata kama unaita kujipanga. Nakifahamu kiatu hicho, nilikivaa.

Kuna jambo ambalo mama yako amenikataza nisikwambie, na mimi nakwambia. Jumamosi ile uliyosema labda utakuja, alikwenda mwenyewe mtoni hapa Buswahili na miguu yake ile iliyovimba, akanunua kambare. Akabandika sufuria. Maji yakachemka, akaongeza mengine. Kila bodaboda ikisikika huko juu alinyanyua kichwa. Jua lilipozama akaepua, akafunika, akaja kukaa karibu nami.  Kisha akaniuliza kama ninadhani kuna neno baya alilokwambia mara ya mwisho, maana anajaribu kulikumbuka halioni.



Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, wala si kubwa. Usimpimie mama yako kwa aibu yako. Yeye hakuagiza mabati, wewe ndiye uliyeyaahidi, na anayekungoja ataona uso wako kabla hajaona ulichobeba. Kidogo ulichonacho kipeleke leo kikiwa kidogo. Ukiwa huna kabisa, pita, usalimie dirishani, watu wajue umerudi salama. Hayo nimeyajua kwa gharama ya mtu, na sitaki wewe uyajue kwa gharama ya mama yako.

Mungu akulinde njiani, mwanangu. Akubarikie mikono yako, duka lako na wateja wako hata wale wasumbufu. Akupe watoto watakaofungua mlango wako bila kubisha hodi, na akujalie usingizi wa mtu ambaye hadaiwi salamu na yeyote. Mimi baba yako nimekubariki, na babu yako Mafuru aliyeshika usukani wangu, popote alipo, amekubariki.

Njoo Jumamosi hii. Sufuria itakuwa motoni, na safari hii mimi ndiye nitakayekata nyanya.