Mdomo wa Gunia na Kiini cha Dunia

Sikusoma chuo. Baada ya sekondari, fizikia nilijifundisha mwenyewe kwa simu na madaftari, nyumbani kwa mama, Masasi. Humo nilikutana na nadharia inayosema nguvu ya mvutano hubadilika kidogo ndani ya sayari, katikati ya miamba na chuma, ingawa nje inabaki ileile tunayofundishwa. Nilipoitumia kwa dunia, kiini chake cha chuma kilibadilika ukubwa. Nilikagua hesabu mara tisa, nikafuta hata tarakimu zilizokaa upande. Kisha nikampelekea daftari mwalimu wangu wa zamani wa fizikia, Newala. Mwishoni niliandika kwa herufi kubwa: IMETHIBITISHWA. Akanijibu nije Ijumaa niwafundishe wanafunzi wake.

Alhamisi nilimpelekea mama chakula ghalani, anakopima ubora wa korosho za wakulima. Alikuwa akichoma gunia kwa bambo, kichuma chenye ncha na mfereji wa kutolea sampuli. Alichoma mdomoni, ubavuni, kisha chini kabisa.

"Lakini mama, za juu si umeziona zilivyo?" mkulima alilalamika.

"Za juu umezipanga wewe, baba. Nataka zilizojipanga zenyewe."

Watu walicheka. Mimi niliweka chakula chini. Uthibitisho wangu wote ulitoka kwenye mwendo wa mwezi, huko nje, ambako nadharia mpya na ya zamani hutoa jibu moja. Mawimbi ya matetemeko, yanayopita ndani ya dunia, sikuyagusa. Niliyaona magumu.

"Mama, mimi nimechoma mdomoni tu," nilimwambia, nikamweleza.

"Basi kawaambie hivyo."

Nilifikiria kujifanya mgonjwa. Nakiri, hata ujumbe niliuandika, sikuutuma.

Ndani ya basi la Newala nilifanya mazoezi ya kuomba radhi. Darasani, neno langu lilikuwa tayari ubaoni, kwa mwandiko wa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, profesa. Tunakusubiri."

"Lile neno si kweli. Sijathibitisha kitu."

Akaniangalia. "Daftari nimeshawaonyesha walimu wenzangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua. Nisamehe."

Alifuta neno lile mwenyewe, taratibu, akanikabidhi chaki. "Anza na kosa," alisema, akaenda kukaa dawati la nyuma kabisa.

Nikachora dunia. Duara likatoka kama korosho. Sikulifuta.